Riakta ya Kalsiamu: Maelezo kwa Wanaofuga Matumbawe Katika Tangi

Kila mkaazi wa Unguja na Pemba anaijua chokaa. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na mawe ya aina hiyo hiyo yaliyochomwa katika tanuu. Moto huitoa hewa ukaa iliyomo ndani ya jiwe. Kisha chokaa ikitiwa maji na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa hiyo kidogo kidogo na kurejea kuwa jiwe. Aliyeuelewa mzunguko huu hatapata taabu kuielewa riakta ya kalsiamu, chombo kinachotumiwa na wanaofuga matumbawe hai katika matangi ya maji ya chumvi. Chombo hicho nacho hulivunja jiwe ili lipate kujengwa upya mahali pengine, ila badala ya moto hutumia maji yaliyotiwa hewa ukaa.

Yafaa ieleweke kwanza kwa nini chombo hiki kinahitajika. Matumbawe magumu ni wanyama, na mifupa yao ni kalsiamu kaboneti. Bahari ni kubwa, hivyo wanachokichukua hakionekani kupungua. Tangi la lita mia chache halina akiba hiyo. Maji ya bahari kwa kawaida huwa na kiasi cha miligramu 410 za kalsiamu na miligramu 1,300 za magnesiamu katika kila lita, na ualkali wa digrii 7 hivi kwa kipimo cha Kijerumani kitumiwacho na wafugaji. Katika tangi, wengi huweka kalsiamu baina ya miligramu 400 na 450, na ualkali baina ya digrii 7 na 9. Matumbawe yakishamiri, viwango hivi huweza kushuka kila siku.

Ualkali ni uwezo wa maji kuikabili asidi, na hutokana zaidi na baikaboneti na kaboneti. Usidhaniwe kuwa ni kitu kimoja na kalsiamu. Mfano ulio wazi uko mbali na bahari, katika bonde la Ziwa Rukwa, wanakoishi wenzetu wa Usevya, mkoani Katavi. Ziwa hilo halina mto unaoyatoa maji yake. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke, na chumvi hubaki. Kwa hiyo ni maji ya magadi, yenye ualkali mwingi. Lakini katika maji ya namna hiyo kalsiamu hushikana na kaboneti ikatuama chini. Mfugaji wa matumbawe achukue funzo hapo: akikizidisha kimoja kupita kiasi, hukiangusha cha pili. Kinachotakiwa ni vyote viwili vipatikane kwa uwiano, na hiyo ndiyo faida ya riakta, kwa kuwa jiwe linapoyeyuka hutoa kalsiamu na ualkali kwa uwiano ule ule ambao matumbawe huvitumia.

Chombo chenyewe ni mtungi uliojazwa vipande vya mawe ya kalsiamu kaboneti. Pampu huyazungusha maji ndani yake, na mtungi wa hewa ukaa huingiza mapovu machache. Hewa hiyo ikichanganyika na maji hufanya asidi hafifu, maji hushuka hadi kipimo cha pH cha 6.5 au karibu yake, na mawe huanza kuyeyuka. Maji hayo, yenye kalsiamu na ualkali mwingi, hutoka tone kwa tone na kurudi katika tangi. Kwa hiyo viko vitu viwili tu vya kurekebisha: idadi ya mapovu yanayoingia na kasi ya maji yanayotoka.

Utaratibu unaofaa kufuatwa ni huu:

Kwanza, kabla ya kukiwasha chombo, pima ualkali wa tangi kila siku kwa saa ile ile, kwa muda wa siku tatu au nne, bila ya kuongeza kitu chochote. Hapo utajua matumbawe yako yanatumia kiasi gani kwa siku. Ualkali ndio wa kufuatwa zaidi katika kurekebisha, kwa sababu kila ualkali unaposhuka digrii 1, kalsiamu hushuka miligramu 7 tu kwa lita. Miligramu 7 katika 420 ni vigumu kuziona kwa vipimo vya nyumbani, lakini digrii 1 katika 8 huonekana.

Pili, anza kwa mapovu machache na maji machache. Subiri saa 24, kisha pima maji yanayotoka katika chombo.

Tatu, fanya hesabu. Tuchukue mfano wa tangi la lita 400 linalotumia digrii 1 kwa siku, na maji yanayotoka katika chombo yana digrii 25 ilhali tangi lina 8. Tofauti ni 17. Lita 400 zikigawanywa kwa 17 ni lita 23 na nusu kwa siku, yaani mililita 16 hivi kwa dakika. Kiasi hicho hupimwa kwa bomba la sindano na saa ya mkononi.

Nne, rekebisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na usikiguse tena mpaka ipite siku nzima. Anayegeuza mapovu na maji kwa pamoja hatajua kipi kilicholeta mabadiliko. Ualkali wa tangi usipandishwe zaidi ya digrii 1 kwa siku, kwani matumbawe hudhurika zaidi kwa mabadiliko ya ghafla kuliko kwa upungufu mdogo uliotulia. Haraka haraka haina baraka.

Tano, kipima pH kisawazishwe mara kwa mara kwa maji maalumu ya kipimo cha 7 na cha 4. Kipima kinachosema uongo humfanya mwenye tangi aongeze hewa bila ya haja. Na pH ya chombo ikishuka mno, mawe hugeuka tope na kuziba njia ya maji.

Aidha, maji yanayotoka katika chombo hubeba hewa ukaa iliyobaki, nayo huweza kuishusha pH ya tangi, hasa usiku. Dawa yake ni kuyapitisha kwanza katika mtungi wa pili wenye mawe, ili hewa hiyo iendelee kutumika, na kuhakikisha kuwa chumba kinapitisha hewa. Mtungi wa gesi usiwekwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa ukaa ikivuja hutuama chini na huweza kumdhuru mtu.

Suala la umeme nalo lisipuuzwe. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na wakaazi hawajasahau kiza cha Mei na Juni 2008, wala kile kilichoanza Disemba 2009 na kuendelea hadi mwaka 2010. Kwa hiyo valvu ya gesi iwe ya aina inayojifunga yenyewe umeme ukatikapo. Vyenginevyo, pampu husimama, mapovu huendelea kuingia, na umeme urudipo maji makali yaliyokusanyika humiminika ndani ya tangi kwa mara moja.

Kwa kumalizia, lipo jambo linalotuhusu sote, wenye matangi na wasiokuwa nayo. Hewa ile ile inayoyeyusha jiwe ndani ya riakta ndiyo inayoingia baharini kutokana na moshi wa viwanda na magari duniani. Tangu viwanda vilipoanza, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka 8.2 hivi hadi 8.1, na kadiri inavyoshuka ndivyo matumbawe yanavyopata taabu kujenga mifupa yao. Juu ya hayo kuna joto: mwaka 1998 matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya kwetu, yalipauka. Mwenye tangi akiona digrii moja inamtaabisha kwa siku nzima, na atambue kuwa bahari haina valvu ya kufungwa.

Kwa mintarafu hiyo, mawe ya riakta yanunuliwe kwa wauzaji halali, yasing'olewe mwambani kwa mtaimbo. Matumbawe magumu yamo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa CITES, na kuyavusha mipaka ya nchi kunahitaji kibali. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, kinaonesha faida ya kuyaacha matumbawe yajijenge yenyewe. Mwenye nia ya kufuga matumbawe, iwe hotelini, skulini au nyumbani, aonane kwanza na maofisa wa uvuvi kabla ya kutia kitu chochote majini.