Je, Wajua? Sola na Baridi ya Tukuyu

Je, wajua kwamba paneli ya sola haipendi joto? Ukisimama Ibighi, karibu na mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, asubuhi ya ukungu na sweta mwilini, utasema umeme wa jua si wa huku. Kumbe paneli hutaka mwanga tu. Kiwandani hupimwa kwa nyuzijoto 25, na kila nyuzijoto inayozidi huipunguzia umeme kwa takriban asilimia 0.4. Juu ya bati la pwani, ikichemka hadi 65, asilimia 16 imeshapotea. Mawingu ya Tukuyu hupunguza mwanga, ni kweli, ila baridi hufidia kidogo, na mvua huosha vumbi bure.

Je, wajua kwamba huku paneli hutazama kaskazini? Tukuyu iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta. Kwa zaidi ya miezi 7 ya mwaka, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Fundi mwanafunzi aliyezoea kuzielekeza kusini kwao Ulaya, hapa hana budi kugeuka.

Je, wajua kwamba jani la mgomba laweza kuikwamisha paneli? Seli zake zimeungwa kwa mfuatano, kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akizubaa, mstari wote unasubiri. Penye migomba mingi, fundi hukagua kivuli kabla ya kupanda ngazi.

Je, wajua kwamba umeme wa jua ulianza na kijana wa miaka 19? Mwaka 1839, Mfaransa Edmond Becquerel aligundua kuwa mwanga huzaa umeme, akiwa katika maabara ya baba yake.

Je, wajua kwamba wanafunzi waliwahi kukodisha umeme kwa sanduku? Mwaka 2008 wanafunzi wa Imperial College London walianzisha e.quinox. Nchini Rwanda walijenga kibanda chenye paneli. Mwanakijiji alikodi kisanduku cha betri, akawasha taa nyumbani, na chaji ikiisha alikirudisha. Watatu kati yao wakaanzisha kampuni ya BBOXX, iliyofika hadi Kenya na Kongo.

Je, wajua kwamba paneli huishi muda mrefu kuliko masomo ya mwanafunzi aliyeifunga? Shahada ya uhandisi nchini Tanzania huchukua miaka 4, paneli hudumu 25 hivi, na betri ya maji ya asidi hufa baada ya miaka michache tu. Siku betri inapokufa, mwanafunzi yuko mbali, kazini; nani ataitengeneza? Kituo cha Barefoot College huko Kinyasini, Unguja, kimelipatia jibu swali hilo: huwafundisha kwa vitendo akina mama wa vijijini, hata wasiojua kusoma, kufunga na kutengeneza sola, kisha wao hurudi makwao. Taa ikizimika saa 2 usiku, fundi anaitwa kwa kupaza sauti tu.