Uji wa Mzazi Unyambwa

Mwanamke akijifungua Unyambwa, kazi huanzia jikoni kabla wageni hawajapiga hodi. Mmoja anatwanga uwele, mwingine anamkimbiza kuku uani, na mtoto ametumwa kwa jirani mwenye ng'ombe akaulizie maziwa. Kata hii imo ndani ya Manispaa ya Singida, lakini maisha yake bado yanafuata jembe na zizi. Wenyeji wake ni Wanyaturu, au Warimi kama wanavyojiita wenyewe, watu wa uwele, mtama, alizeti, karanga, ng'ombe na mbuzi. Mvua yao huja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya vumbi, upepo na akiba iliyowekwa.

Kwenye akiba hiyo ndiko kinakotoka chakula cha mzazi. Ukiwauliza akina mama kwa nini mzazi apikiwe hiki na asipikiwe kile, jibu huwa fupi: apate maziwa. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe umekaa mahali tofauti kidogo na pale wengi wanapoutafuta.

Uji ndio unaotangulia. Uwele una punje ndogo za kijivu zenye ganda lisilobanduka kirahisi. Punje hunyunyiziwa maji kidogo, zikatwangwa kinuni hadi pumba ziachane na kiini, zikapepetwa kwa ungo na kuanikwa, ndipo zipelekwe mashineni au zisagwe kwa jiwe katika nyumba ambazo bado zinalo. Husagwa kidogo kidogo, kwa kuwa nafaka hii ina mafuta mengi kuliko mtama na unga wake hauchelewi kuwa mchungu. Bibi anayejua kazi yake hunusa unga kabla ya kuinjika sufuria. Kisha huuvuruga kwa maji ya baridi usije ukafanya madonge, akaumimina kwenye maji yanayotokota huku mwiko ukizunguka, halafu akapunguza moto na kuuacha utokote taratibu mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Mwisho huingia maziwa, au karanga zilizokaangwa na kutwangwa, au kijiko cha samli kwa nyumba iliyojaliwa. Mzazi hupewa ungali wa moto. Akisema ameshiba, huambiwa, "Maliza, mwanangu, hunywi peke yako," na bakuli hurudi jikoni likiwa tupu.

Nyumba nyingine huupendelea uji wa ulezi, na haziko mbali na ukweli. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi ambacho mahindi na mchele havikaribii hata kidogo. Uwele nao una sifa ya chuma. Mahali penye ubuyu au ukwaju, uji hutiwa uchachu wake, na vitamini C iliyomo ndani ya ubuyu husaidia mwili kuchukua chuma kinachotoka kwenye nafaka. Chai ya majani hufanya kinyume inaponywewa pamoja na chakula. Ni jambo la kuwaeleza wanaodhani kikombe cha chai ya rangi kinatosha kuwa kifungua kinywa cha mzazi.

Baada ya uji anakuja kuku. Singida inasifika nchi nzima kwa kuku wa kienyeji, na abiria wa mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam hawapiti hapo bila kuonyeshwa. Kwa mzazi, kinachotafutwa zaidi ni supu: nyama ichemke mpaka iachie mfupa, chumvi kidogo, basi. Mwenye uwezo huchinja mbuzi. Supu humpa mama vitu viwili anavyovihitaji pamoja, yaani protini na maji, kwani karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji na anayenyonyesha hushikwa na kiu mara kwa mara, mara nyingi mtoto akiwa bado yuko kwenye titi.

Ugali wa uwele au wa mtama huliwa kwa mlenda. Majani yake huchumwa wakati wa mvua, yakaanikwa, yakatwangwa na kutunzwa, hivyo hata Septemba, ukiwa hulioni jani bichi popote, sufuria bado ina mboga. Wageni hushindwa na utelezi wake, lakini kwa mzazi utelezi huo una faida, maana chakula hushuka hata siku ambazo hamu ya kula haipo. Majani ya kijani yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na kazi hiyo huhitaji mafuta. Mlenda uliotiwa karanga au mafuta ya alizeti, zao lililoipa Singida jina, ni chakula kamili kuliko mlenda mtupu.

Jamii nyingine zina majibu yao. Kilimanjaro mzazi hupikiwa mtori, ndizi zilizopondwa ndani ya supu ya nyama. Pwani na Zanzibar hupewa uji wenye pilipili manga, na wapo wanaotumia uwatu, mbegu ambayo Waomani wanaiita hulba na kuwapa wazazi wao vilevile. Wakorea humpikia supu ya mwani. Vyakula ni tofauti kabisa, na bado karibu vyote ni vya moto, vya majimaji, na vimepikwa na mtu mwingine. Hilo la mwisho ndilo la kushika.

Je, vyakula hivi huongeza maziwa kweli? Mwaka 2020 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 41 yaliyohusisha akina mama wapatao 3,000, wakipima dawa na vyakula vinavyosifiwa kwa kazi hiyo, uwatu, tangawizi, tende na mlonge vikiwamo. Dalili za kusaidia zilionekana hapa na pale, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu, na hakuna chakula kilichothibitika kuwa dawa. Kabla ya hapo, miaka ya 1970 na 1980, watafiti waliokuwa Keneba, kijiji cha Gambia chenye msimu mmoja wa mvua na miezi ya njaa kama ilivyo Singida, waliwapa akina mama wanaonyonyesha chakula cha nyongeza cha takriban kalori 700 kwa siku. Kiasi cha maziwa hakikuongezeka. Waliobadilika ni akina mama wenyewe: walipata nguvu na afya yao ikawa nzuri zaidi.

Matokeo hayo hayalitii aibu bakuli la Unyambwa. Yanaonyesha kazi yake halisi. Mama aliyekwisha kuanza kunyonyesha vizuri hutoa takriban robo tatu ya lita ya maziwa kwa siku, na kazi hiyo humgharimu kama kalori 500 juu ya mahitaji yake ya kawaida. Chakula kisipozileta, mwili huchukua kwenye akiba yake. Kalisi ya maziwa hutoka hata kwenye mifupa ya mama, naye mtoto asijue kama kuna upungufu. Lakini vitamini A, vitamini kadhaa za kundi B na madini joto hupungua ndani ya maziwa pale mama anapovikosa mezani. Kwa hiyo mlenda wenye karanga unafika kwa mtoto, na uji wa ulezi unampa mama kalisi anayoihitaji. Atakayemwambia mzazi kwamba ale chochote tu, maana maziwa yatatoka hata hivyo, atakuwa anamdhulumu.

Wingi wa maziwa huamuliwa na mtoto mwenyewe. Anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na homoni mbili hutoka: prolaktini, inayolifanya titi litengeneze maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Titi linalonyonywa hadi kulegea hutengeneza mengine. Lililobaki limejaa hupunguza kazi. Mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo, kwani prolaktini hupanda zaidi usiku. Ni lazima pia ashike vizuri: mdomo wazi, kidevu kimegusa titi, sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu ikiwa ndani ya mdomo. Akishika ncha tu, mama huumia, na maumivu na hofu huizuia oksitosini isifanye kazi yake.

Siku za mwanzo ndizo zenye mtihani mkubwa. Maziwa ya njano hutoka kidogo kidogo, na kujaa kwenyewe huja kati ya siku ya pili na ya nne. Katikati ya subira hiyo, mtu mwenye nia njema husema mtoto ana njaa, apewe maji au uji mwepesi. Tumbo likijaa uji, titi halinyonywi, na wiki moja baadaye maneno yale yanageuka kweli: maziwa ni machache. Ndiyo sababu ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha vyakula vingine huku kunyonya kukiendelea hadi miaka miwili au zaidi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita wakinyonyeshwa hivyo, kutoka asilimia 59 katika utafiti wa 2015/16. Kwa Unyambwa maana yake ni nyepesi: uji ule ule ni mzuri sana, ila unywewe na mama.

Pombe ya nafaka nayo ina watetezi wake, wanaosema inamjaza mama maziwa. Togwa isiyolevya haina neno. Pombe yenyewe ni habari nyingine. Kilevi hupunguza oksitosini, na majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1991 yalionyesha kuwa watoto hupata maziwa machache pale mama anapotoka kunywa, ingawa huhangaika titini kama kawaida.

Kuna imani nyingine inayogusa unyonyeshaji, nayo ni ya Watanzania wengi: kubemenda. Mtoto akidhoofu, husemwa wazazi wamekutana mapema mno au mama ameshika mimba angali ananyonyesha, na maziwa yameharibika. Hayaharibiki. Hata hivyo katazo hilo liliwapa wanawake wa zamani nafasi ya kupumzika kati ya uzazi mmoja na mwingine, faida ambayo leo inaweza kupatikana kwa uzazi wa mpango bila kumtupia mama lawama. Ubaya wake mkubwa huonekana mimba inapoingia. Mtoto wa mwaka mmoja huachishwa ghafla, siku moja tu, na hapo ndipo kudhoofu kwenyewe kunapoanza.

Turudi kwenye nafaka. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Wahi, kundi mojawapo la Wanyaturu, alieleza jinsi nafaka na mifugo vilivyokuwa vikitegemeana: samadi ilirutubisha mashamba ya uwele, na uwele wa ziada uliweza kugeuzwa kuwa ng'ombe. Ndani ya uchumi wa namna hiyo, uji anaopikiwa mzazi mara kadhaa kwa siku ni mali ambayo ingeweza kuongeza zizi. Nyumba huamua kwamba mwaka huu sehemu ya mali hiyo iende kwake, na uamuzi huo unastahili heshima kuliko sifa yoyote ya mbegu au jani.

Uamuzi huo haulingani mwaka mzima. Anayejifungua Julai hukuta mavuno yameingia, kuku wamenona na kazi za shamba zimepungua. Anayejifungua Februari hukuta kihenge kinaelekea kwisha na palizi inaita. Huyu wa pili ndiye hurudi kushika jembe mapema, mtoto akabaki chini ya mti na dada yake wa miaka minane, na saa za kunyonya zikapita. Akilalamika kuwa maziwa yamepungua, hatakosa wa kumpa majani ya kuchemsha. Angesaidiwa zaidi kama mtu mwingine angempalilia robo eka yake.

Mwajiriwa ana sheria ya kumkinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha anaporudi kazini. Baba anapewa angalau siku tatu. Mkulima wa Unyambwa na muuza nyanya wa sokoni Singida hawana mwajiri wa kuwapa likizo hiyo. Likizo yao iko mikononi mwa mume, mama mkwe na mawifi, watu ambao mara nyingi hawapo siku muuguzi anapotoa somo kliniki. Mume akiingia na mke wake chumba cha ushauri, akasikia mwenyewe kuhusu kunyonyesha usiku na kuhusu ndoo za maji ambazo mzazi hapaswi kuzibeba, somo lile hufika mahali linapohitajika.

Vijana waliohamia mjini na kupanga chumba kimoja hawana ua wala kinu. Wenye akili hufanya mpango mapema: mimba ikifika miezi minane, nauli inatumwa kijijini. Bibi wa mtoto hupanda basi na mfuko wa unga uliosagwa juzi, furushi la mlenda mkavu, karanga, na kuku wawili waliofungwa miguu, na akishafika jiko ni lake kwa mwezi mzima.