Mwenye kisukari, usisubiri giza ndipo ukapime macho

Mwaka jana mama mmoja aliingia kliniki akiwa ameshikwa mkono na mwanawe. Ni fundi cherehani, nami nimemhudumia kwa zaidi ya miaka tisa. Kila alipokuja tulizungumza kuhusu sukari, presha na miguu. Siku hiyo aliniambia, "Dokta, uzi hauingii tena kwenye sindano. Na jicho la kushoto naona kama kuna buibui wanatembea."

Nilipofungua faili lake niliona aibu. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja unaoonyesha kuwa amewahi kupimwa macho. Yeye hakulalamika, nami sikuuliza. Bingwa wa macho alikuta damu imevujia ndani ya jicho la kushoto, na la kulia limevimba sehemu ya katikati ya retina.

Ndiyo sababu leo tuzungumze kuhusu macho.

Kisukari hufanya nini kwenye jicho?

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Hulishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, mishipa hiyo hudhoofika, huvuja na mingine huziba. Retina ikikosa damu ya kutosha, huanza kuotesha mishipa mipya. Hii mipya ni laini mno. Hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au huacha makovu yanayoivuta retina mpaka ikabanduka.

Hatari yake ni kwamba hatua za mwanzo haziumi wala hazipunguzi uwezo wa kuona. Unaweza kusoma gazeti hili vizuri kabisa huku madhara yameshaanza.

Matibabu yaliyopo

La kwanza ni mionzi ya leza. Daktari huchoma sehemu za pembeni za retina ili mishipa mipya isinyae. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kuwa leza hupunguza hatari ya kupoteza uoni kwa zaidi ya nusu kwa wagonjwa wenye mishipa hiyo hatari. Lakini leza hulinda kilichobaki, hairudishi kilichopotea. Baadhi ya wagonjwa huona kwa shida kidogo usiku au pembeni baada ya tiba hiyo.

La pili ni sindano ya ndani ya jicho. Najua wengi mnaiogopa. Jicho hutiwa kwanza matone ya ganzi, kisha dawa hupitishwa kwenye sehemu nyeupe kwa sindano nyembamba sana. Dawa hizi huzuia kemikali inayochochea mishipa kuvuja na kuota, na kwa mwenye uvimbe wa katikati ya retina huweza kuboresha uoni. Zipo kadhaa: bevacizumab, ranibizumab, aflibercept na faricimab. Bevacizumab ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, lakini madaktari wa macho huitumia kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko nyingine.

Sindano moja haitoshi. Mwanzoni hutolewa karibu kila mwezi, kisha nafasi huongezwa kadiri jicho linavyotulia. Anayeacha baada ya ya kwanza kwa kuwa "naona vizuri sasa" mara nyingi hurudi akiwa na hali mbaya zaidi. Na ukichomwa, kisha jicho likauma, likawa jekundu au uoni ukapungua, rudi hospitali siku hiyohiyo.

La tatu ni upasuaji wa kuondoa damu na makovu ndani ya jicho, pale damu isipokauka yenyewe au retina inapovutwa.

Je, kuna vidonge?

Wengi huniuliza. Ipo dawa ya zamani ya mafuta kwenye damu iitwayo fenofibrate. Utafiti uliofanyika Scotland na kutangazwa mwaka 2024, ukihusisha watu 1,151 wenye dalili za mapema za ugonjwa huu, ulionyesha kuwa waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 27. Hizo ni habari njema, lakini haichukui nafasi ya leza wala sindano, na inahitaji figo zifuatiliwe. Usiinunue mwenyewe duka la dawa. Zungumza na daktari wako.

Tiba ambayo tayari unayo nyumbani ni kudhibiti sukari na presha. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1993 kwa wenye kisukari aina ya kwanza ulionyesha kuwa udhibiti makini wa sukari ulipunguza hatari ya kuanza kwa ugonjwa huu kwa asilimia 76.

Nani apimwe, na lini?

Mwenye kisukari aina ya pili apimwe mara tu anapogundulika, kisha kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Mtu mzima mwenye aina ya kwanza aanze ndani ya miaka mitano tangu augundue. Wazazi, mtoto mwenye aina ya kwanza aanze akifikisha miaka 11 au akibalehe, ikiwa ameishi na kisukari kwa miaka mitatu hadi mitano. Mwanamke aliyekuwa na kisukari kabla ya ujauzito apimwe katika miezi mitatu ya kwanza.

Kipimo hakiumi. Utawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa chache utaona ukungu na jua litakuchoma macho. Nenda na mtu wa kukusindikiza, na usiendeshe gari wala bodaboda siku hiyo. Usikimbilie kununua miwani ya barabarani; ukungu unaotokana na sukari hautibiwi kwa miwani.

Yule mama amechomwa sindano kadhaa jicho la kulia na amerudi kwenye cherehani yake, ingawa uzi humtungia mjukuu. Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji. Linaona mwanga na vivuli tu. Tungemfikia mapema, pengine angekuwa na macho mawili.

Siku yako ya kliniki ikifika, muulize daktari: "Macho yangu yalipimwa lini mara ya mwisho?" Akikosa jibu kwenye faili, omba barua ya rufaa kabla hujatoka chumbani.