Futi Kamba Kwanza, Runinga Baadaye

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, watoto. Mwenye kalamu aishike, maana hadithi ya leo ina hesabu ndani yake.

Alikuwapo fundi cherehani mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, mpenda mpira kupita kiasi. Tangu Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika lilipozichagua Kenya, Tanzania na Uganda kuandaa AFCON ya 2027, mzee huyu hakulala vizuri. Runinga yake ilikuwa ya inchi 24. Mpira ukipigwa juu alikuwa hauoni. Alishangilia kwa kumsikiliza mtangazaji. Basi akaweka akiba kwenye kikoba, kidogo kidogo, hata fedha zilipotimia akaita familia sebuleni.

"Nanunua inchi 75," akasema. "Kama ni kubwa, iwe kubwa kweli!"

Mtoto wa kiume akaruka kwa furaha. Bibi, mzaliwa wa Unguja, akaguna. "Mwanangu, Zanzibar tuliona runinga ya rangi miaka ya 1970 mwanzoni, Bara mkangoja kituo chenu mpaka 1994. Tuliona kila kitu, wala hatukuhitaji ukuta mzima."

Binti wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuwa kimya. Akaenda kwenye cherehani, akachukua futi kamba, akarudi nayo mkononi.

"Baba, samahani. Mteja akikuletea kitambaa, unakata kabla hujampima?"

"Thubutu! Nimpime kwanza."

"Basi na sebule tuipime."

Mzee hakuwa na jibu. Akashika ncha ya pili ya futi.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu wengi wakisikia inchi 75 hudhani ni upana wa runinga. Sivyo. Inchi za runinga hupimwa kwa ulalo, yaani kutoka kona ya chini ya kioo hadi kona ya juu ya upande wa pili. Desturi hii ni ya zamani. Runinga za kwanza zilikuwa na kioo cha mviringo, na ukubwa wake ulikuwa kipenyo cha duara lile. Vioo vilipokuwa vya pembe nne, mafundi wakaendelea kutaja kipimo kirefu kuliko vyote, nao ndio ulalo.

Futi ya fundi cherehani ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Inchi 1 ni sentimita 2.54. Kwa hiyo inchi 75 ni sentimita 190 na nusu za ulalo. Na kwa kuwa runinga za leo zina umbo la 16 kwa 9, hesabu ya Pythagoras mnayofundishwa shuleni inatupa njia ya mkato: zidisha ulalo kwa 0.87 upate upana, uzidishe kwa 0.49 upate kimo. Binti akapiga hesabu. Runinga ya Baba ingekuwa na upana wa sentimita 166 na kimo cha sentimita 93. Akapima nafasi iliyo kwenye shoo kesi: sentimita 130.

"Haiingii," akasema mdogo wake, na furaha yote ikamwishia.

Bado. Binti akapima kutoka ukutani hadi kwenye kochi analokalia Baba. Akapata sentimita 220. Hapo kuna kanuni nyepesi ya kukumbuka: chukua umbali wa kukaa kwa sentimita, gawanya kwa 4, jibu ni inchi za runinga zinazokufaa. 220 gawanya kwa 4 ni 55. Ukikaa sentimita 130 tu, chukua ya 32. Ukiwa na ukumbi wa kukaa sentimita 260, ya 65 ni yako. Kanuni hii hukupa picha inayojaza macho bila kukulazimisha kugeuza shingo kutoka goli hadi goli. Ukikaa mbali mno na kioo kidogo, unakuwa umelipia uzuri ambao jicho lako haliwezi kuuona.

Baba akanung'unika kwamba 55 ni ndogo. Binti akamwambia, "Baba, ukilinganisha eneo la kioo, ya inchi 55 ni zaidi ya mara 5 ya hii yetu ya 24." Upana wake ni sentimita 122, kwenye shoo kesi inaingia na nafasi inabaki. Mzee akatabasamu. Kabla ya kukunja futi, Binti akatazama dirisha. Kioo kikielekezwa dirishani, mchana kitaonyesha pazia na mawingu badala ya wachezaji. Wakakubaliana shoo kesi ibaki kwenye ukuta wa pembeni mwa dirisha.

Siku ya pili, safari ya Kariakoo. Hawajafika hata mlangoni mwa duka, winga akawadaka. Winga ni yule anayekutafutia bidhaa kwenye duka la mwingine na kuweka chake juu.

"Karibu mzee wangu! Karibu binti! Tuna LED, QLED, OLED, 4K, 8K, smati, zote zipo!"

Herufi zikamchanganya mzee. Zisiwachanganye ninyi, nitawafungulia moja baada ya nyingine.

Picha ya runinga imetengenezwa kwa nukta ndogo sana, na kila nukta ina sehemu tatu: nyekundu, kijani na bluu. Rangi zote mnazoziona, hata njano ya jezi ya Yanga, hutokana na tatu hizo. Runinga ya Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisheni: 2,073,600. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, jumla 8,294,400, yaani mara 4. Ya 8K ni mara 4 tena ya hizo.

Lakini runinga haiwezi kuzalisha uzuri ambao haukutumwa. Chaneli nyingi zinazopita kwenye ving'amuzi vyetu si za 4K. Picha za 4K kwa kawaida huja kwa intaneti, nazo hula bando: filamu ya namna hiyo kwenye Netflix inaweza kumaliza hadi GB 7 kwa saa moja. Kwa kioo cha inchi 55, 4K inafaa na ndiyo inayopatikana kwa wingi. Kulipia 8K kwa familia yetu ya Mbagala kungekuwa kutupa fedha.

Tuje kwenye mwanga. Runinga iitwayo LED ina taa nyuma ya kioo, na mbele ya taa kuna tabaka la fuwele za majimaji linaloruhusu au kuziba mwanga katika kila nukta. Taa hizo nyeupe zisingewezekana bila taa ndogo ya bluu, ambayo ilisumbua wataalamu kwa miaka mingi. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua.

QLED ni LED ileile iliyoongezewa chembe ndogo ajabu zinazofanya rangi ziwe safi zaidi. Ugunduzi na utengenezaji wa chembe hizo nao ulipata Nobel, ya Kemia, mwaka 2023. OLED ni kitu kingine: haina taa ya nyuma, kila nukta hujiwakia na kujizimia yenyewe. Ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi kweli. Bei yake ni kubwa, na nembo ya kituo ikikaa kona moja saa nyingi kila siku inaweza kuacha alama kwenye kioo. Kwa sebule yenye mwanga mwingi na mpira wa mchana, LED au QLED inatosha.

Dukani runinga zilikuwa zimepangwa ukuta mzima, zikionyesha maua na samaki wa rangi kali. Baba akasimama mdomo wazi mbele ya ile ya 75. Binti akamvuta mkono, kisha akamgeukia muuzaji.

"Shikamoo kaka. Tunaomba utuwekee mpira, na uiweke kwenye hali ya nyumbani."

Muuzaji akashtuka, akacheka, akatii. Runinga nyingi zina hali ya dukani, inayoongeza mwangaza na rangi kupita kawaida ili mnunuzi avutike. Na ile video ya samaki imetengenezwa maalumu kwa kusifia kioo. Mpira ndio mtihani wa kweli: ukipigwa kwa kasi, je, unaacha mkia nyuma yake? Runinga nyingi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, nyingine mara 120. Tazama kwa macho yako mwenyewe, halafu sogea pembeni uone kama rangi zinafifia kwa atakayekaa kwenye kiti cha pembeni. Sikiliza na sauti. Runinga nyembamba ina spika ndogo, na wengi huishia kununua spika ya nje. Bora kuiingiza kwenye bajeti mapema.

Wakaichagua ya 55. Ndipo kazi ya ukaguzi ikaanza, na hapa msione aibu hata foleni ikiwa ndefu. Boksi lifunguliwe mbele yenu. Namba iliyo nyuma ya runinga ifanane na iliyo kwenye boksi. Iwashwe, ionyeshe picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu, mtafute nukta iliyokufa au ufa. Hesabuni matundu ya HDMI: king'amuzi kimoja, spika moja, tayari mawili yamekwisha. Ulizeni kama ndani yake ina kipokezi cha DVB-T2, maana ndicho kinachonasa matangazo ya dijitali ya antena ya kawaida. Mwisho, risiti ya EFD na karatasi ya dhamana yenye tarehe na mhuri. Winga akiondoka, karatasi hiyo ndiyo itakayowasemea.

Wakaipakia kwenye kirikuu ikiwa imesimama. Kulaza boksi la runinga ni hatari; kioo ni chembamba, barabara ina mashimo, na mtikisiko mmoja unatosha kukipasua.

Nyumbani Binti akachomeka kwanza kilinda umeme, kile chenye kuchelewesha umeme kidogo unaporudi baada ya kukatika, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza runinga. Mvua za radi zikija, chomoa waya wa umeme na wa antena pia. Halafu wakaifunga kwa mkanda imara nyuma ya shoo kesi, kwa sababu mtoto mdogo akivuta runinga kubwa inaweza kumwangukia na kumuumiza vibaya.

Baba akauliza swali la mwisho: "Na LUKU je?" Binti akasoma nyuma ya runinga: wati 100. Saa 5 kwa siku ni wati-saa 500, yaani nusu ya uniti. Kwa siku 30 ni uniti 15. Mzee akazidisha kwa bei ya uniti anayolipa, akaona mfuko unaweza.

Na zile fedha alizookoa kwa kuacha inchi 75? Zililipia kilinda umeme, spika na kirikuu, na chenji ikarudi kwenye kikoba.

Basi nanyi wasikilizaji wangu, mkisikia wazazi wanapanga kununua runinga, msikae kusubiri boksi liingie. Chukueni futi. Andikeni kwenye karatasi mambo matatu: umbali wa kukaa uliogawanywa kwa 4, upana wa mahali itakapokaa, na saa mnazotazama kwa siku. Karatasi hiyo mpeni mzazi mkononi kabla hajapanda daladala ya Kariakoo.