Joto la Mtoto Hupimwa Nyuma ya Shingo

Mwezi Januari mjini Helsinki si ajabu kuona kigari cha mtoto kimeegeshwa kwenye roshani au uani, theluji imetanda pande zote, na ndani yake kichanga kimelala fofofo. Wafini wamezoea. Daktari wa watoto Arvo Ylppö alihimiza desturi hiyo tangu karne iliyopita, wakati vifo vya watoto vilikuwa vingi na matege yalikuwa tishio la kweli. Mama aliyezaliwa Mombasa au Bukavu, akahamia huko na mtoto mchanga, huona jambo jingine kabisa: mtoto anatafutiwa kichomi. Hofu hiyo isibezwe, kwa maana baridi humdhuru mtoto kweli ikimfikia. Lakini baridi tunayoisoma kwenye kipimajoto cha ukutani siyo inayomgusa mtoto. Inayomgusa ni hali ya hewa iliyo kati ya ngozi na nguo zake, na hiyo hutengenezwa na mlezi. Ndiyo maana naamini mtoto mzima wa afya anaweza kupelekwa bustanini wakati wa baridi, na kwamba kumfungia ndani miezi minne si kumlinda.

Tuanze na udhaifu wake. Kichanga kina ngozi nyingi ikilinganishwa na uzito wake, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili, kwa hiyo joto humtoka haraka. Tena hatetemeki kama mtu mzima ili ajipashe joto. Badala yake ana mafuta ya kahawia, yaliyojikusanya katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, ambayo kazi yake ni kuunguzwa ili yatoe joto. Akiba hiyo si kubwa, inakula chakula na oksijeni, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anayo kidogo sana. Huyo asitolewe nje kwenye baridi bila ushauri wa daktari. Kwa wengine, kazi ya nguo ni kuyapumzisha mafuta hayo. Na kinachozuia joto lisitoke si unene wa kitambaa peke yake, ni hewa iliyotulia katikati ya matabaka. Upepo huipeperusha hewa hiyo, na maji huchukua nafasi yake. Kwa hiyo siku kavu ya nyuzi 5 chini ya sifuri, isiyo na upepo, ni rahisi kwa mtoto kuliko siku ya nyuzi 3 juu ya sifuri yenye manyunyu na upepo wa baharini. Wazazi pia hukosea kukisia baridi anayoisikia mtoto bila kujua, kwa sababu anayesukuma kigari anatembea na kupata jasho, ilhali aliyelala ndani hatikisiki. Aliyebebwa kifuani hupata joto la mzazi, ila miguu yake inaning'inia nje, na suruali ikipanda, vifundo hubaki wazi pasipo mtu kuona.

Faida yenyewe ni ipi? Marjo Tourula na wenzake mjini Oulu, Ufini, waliwauliza wazazi kuhusu desturi hii ya kuwalaza watoto nje, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Wazazi walisema watoto hulala muda mrefu zaidi nje kuliko ndani, na kwamba nyuzi 5 chini ya sifuri ndiyo hali inayofaa zaidi. Mtu anaweza kupinga kwamba haya ni maneno ya wazazi, na kwamba huenda nguo nzito zinazotuliza mikono ndizo zinazorefusha usingizi. Pingamizi hilo lina uzito, nami nisingejenga hoja yote juu ya usingizi wa mchana. Lipo jambo la pili, nalo ni mwanga. Hata siku ya mawingu, nje huwa na mwanga mwingi kuliko sebule yenye taa. Utafiti wa Yvonne Harrison uliochapishwa Uingereza mwaka 2004 ulikuta kwamba watoto wa wiki 6 hadi 12 waliolala vizuri usiku ndio waliopata mwanga mwingi zaidi mapema alasiri.

Pingamizi kubwa ni mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu. Hata hivyo, tusikimbilie kusema baridi haina mchango wowote. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwemo Ellen Foxman, walionyesha kwamba katika seli za njia ya hewa za panya, virusi vya mafua ya kawaida huzaana zaidi kwenye nyuzi 33 kuliko 37, kwa kuwa kinga ya seli hulegea. Wazee waliosema pua ikipoa mtu huugua hawakuwa mbali na ukweli. Lakini virusi lazima kwanza vimfikie mtoto, na njia yao nyepesi ni chumba kilichojaa watu, madirisha yamefungwa, kila mgeni anataka kumbusu. Bustani haina msongamano huo.

Hatari isiyosemwa sana ni joto lenyewe. Mtoto aliyevalishwa kwa ajili ya theluji, kisha akaingizwa dukani au kwenye basi akiwa amelala, huanza kuchemka, na joto kupita kiasi linahusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Mfungulie zipu na mvue kofia hata kama ataamka. Usifunike kigari kwa blanketi hewa ikakosa kupita. Vidole vya baridi havisemi mengi. Ingiza mkono nyuma ya shingo. Pakiwa pakavu na vuguvugu, yu salama. Pakiwa na jasho, punguza nguo; pakiwa pa baridi, rudini nyumbani.

Kitu kimoja bustani ya majira ya baridi haitampa: vitamini D. Utafiti wa mwaka 1988 ulionyesha kwamba hata Boston, iliyo kusini sana kuliko Helsinki, jua la Novemba hadi Februari haliwezi kuitengeneza kwenye ngozi, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Maziwa ya mama nayo yana kiasi kidogo. Ufini hushauri mtoto anayenyonyeshwa apewe matone ya mikrogramu 10 kwa siku kuanzia umri wa wiki mbili, na mtoto anayetoka kila siku anayahitaji sawa na asiyetoka.