Maharage na Sukari ya Seli za Kansa

Katika soko la Tengeru, chini ya Mlima Meru, maharage mekundu hupimwa kwa debe bila mnunuzi kufikiri kwamba ndani ya punje hizo mna kitu kitumiwacho na maabara za kansa. Ni protini iitwayo lektini. Mpishi huijua kwa madhara yake tu, kwani maharage mabichi hutapisha. Mjini Arusha, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 95 za sentigredi. Hata hivyo chungu kilichotokota kwa muda mrefu huiharibu.

Kazi ya lektini ni kushika sukari. Protini nyingi za utando wa seli zimepachikwa minyororo ya sukari yenye matawi kama mti. Umbo la matawi hayo halikuandikwa moja kwa moja katika jeni, bali hujengwa na vimeng'enya kwa sukari iliyomo ndani ya seli. Mwaka 1960 Peter Nowell wa Philadelphia, Marekani, alitangaza kuwa dondoo la maharage huzifanya chembe nyeupe za damu zigawanyike. Baadaye ilionekana kwamba aina moja ya lektini hiyo hushika hasa minyororo yenye tawi fulani la ziada, ambalo seli nyingi za kansa hulizidisha. Mwaka 2000 watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha kuwa katika panya wasio na kimeng'enya kiongezacho tawi hilo, uvimbe hukua polepole na husambaa kidogo.

Je, sukari ya nyongeza hufanya nini? Mwaka 2007 watafiti wa Toronto walizilisha seli asetiliglukosamini, sukari ile ile ijengayo magamba ya kamba na wadudu. Matawi yaliongezeka. Vipokezi vya kuchochea ukuaji, vyenye minyororo mingi, ndivyo vilivyotangulia kuongezeka juu ya utando. Vile vya kuuzuia, vyenye minyororo michache, vilifuata sukari ilipozidi. Kumbe kipimo ni jambo kubwa.

Sukari nyingine ilileta matokeo tofauti. Mwaka 2018 maabara moja ya Glasgow, Uskoti, iliwapa panya manosi, na uvimbe ukapunguza kasi, lakini katika seli zenye upungufu wa kimeng'enya kiigeuzacho manosi tu. Hayo yote yalionekana katika vyombo vya maabara na katika panya. Mgonjwa anunuaye kopo la vidonge vya glukosamini kwa ajili ya magoti hana njia ya kujua seli zake ni za kundi lipi.