Fuvu Hufuata Ubongo

Juu ya kichwa cha mtoto mchanga, nyuma kidogo ya paji, pana mahali laini panapodunda kwa mapigo ya moyo: utosi. Wazazi wengi huogopa kuugusa, ilhali chini ya ngozi kuna utando imara unaoukinga ubongo.

Utosi upo kwa sababu fuvu la mtoto halijawa kitu kimoja. Mifupa ya paji na ya juu ya kichwa hujengeka moja kwa moja ndani ya utando, wakati sakafu ya fuvu huanza kama gegedu. Wakati wa kuzaliwa vipande hivyo hupandana ili kichwa kipite, ndiyo maana baadhi ya watoto hutoka na vichwa vilivyochongoka, kisha vikakaa sawa baada ya siku chache.

Kazi kubwa ya maungio kati ya vipande hivyo huja baadaye. Ubongo wa mtoto anayezaliwa ni kama robo ya ubongo wa mtu mzima. Akitimiza miaka 2 umeshavuka robo tatu. Ukipanuka huyavuta maungio, na seli zilizopo hapo huitikia kwa kuongeza mfupa kwenye kingo. Mzunguko wa kichwa, takriban sentimita 35 siku ya kuzaliwa, hufika karibu 46 mwaka mmoja baadaye. Hakuna mwaka mwingine kichwa kinapokua hivyo. Utosi wa mbele hufunga mara nyingi kati ya miezi 12 na 18.

Uso una ratiba yake. Huumbika kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba, pale vijisehemu kutoka pande mbili vinapokutana na kuungana. Visipokutana juu ya kinywa, mtoto huzaliwa na mdomo wazi. Baada ya hapo uso hukua polepole kufuata meno, kutafuna na kupumua, na taya la chini huendelea kurefuka hadi ujanani.

Ungio likifunga kabla ya wakati, ubongo husukuma kuelekea kulikobaki wazi na kichwa hupinda umbo. Maji yakijaa ndani, fuvu nalo hutii: hupanuka mno na utosi huvimba. Huko Mbale, Uganda, daktari wa upasuaji Benjamin Warf aligundua kwamba watoto wengi wa namna hiyo waliugua maambukizi wakiwa wachanga. Akaendeleza upasuaji wa kamera nyembamba unaoyafungulia maji njia mpya na kuchoma tishu zinazoyatengeneza, ili wengi wasihitaji kuwekewa mpira unaoweza kuziba.

Futi kamba inatosha kuonyesha dalili mapema, na kwa maoni yangu ingestahili heshima sawa na mizani ya kliniki. Kipimo kimoja hakisemi mengi, kwani wapo watoto wazima wenye vichwa vikubwa kama vya wazazi wao. Kinachomshtua daktari ni kasi: kichwa kinachoacha mstari wake kwenye chati na kupanda kwenda mwingine.